Aliyesema "sitaogopa" alikuwa anatetemeka

"Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Hiyo ni Zaburi 56:3, na hapa Unguja utaisikia sana msimu wa kusi, boti ya Pemba inapoingia mkondo wa Nungwi na mabaharia wanaanza kugawa mifuko ya kutapikia. Nafundisha Biblia darasa la jioni Mkunazini, na tukifika kwenye mstari huu hakosekani wa kusema, "Mwalimu, mwenye imani haogopi." Mimi sikubaliani naye, na ushahidi wangu uko kwenye utangulizi wa zaburi, yale maneno ya juu ambayo wengi tunayaruka.

Utangulizi unasema ni zaburi ya Daudi, Wafilisti walipomkamata huko Gathi. (Biblia ya Kiebrania inauhesabu huo kuwa mstari wa 1, kwa hiyo wa 3 wetu kwao ni wa 4.) Wapo wataalamu wanaoona tangulizi hizi ziliongezwa baadaye. Sawa, lakini aliyeiweka hii alitaka tuisome pamoja na 1 Samweli 21, basi tufungue huko.

Daudi anamkimbia mfalme Sauli anayetaka kumuua. Pale Nobu kuhani Ahimeleki anampa mikate mitakatifu na upanga wa Goliathi, lile jitu la Wafilisti alilolimuua Daudi mwenyewe. Haya, akajifiche wapi? Anakwenda Gathi, kwao Goliathi, na upanga wa marehemu anao! Watumishi wa mfalme Akishi wanamtambua mara moja. Hata wimbo aliosifiwa nao wanaujua. Mstari wa 12 haumfichi: Daudi alimwogopa sana Akishi. Akajitia wazimu, akawa anakwaruza mbao za lango huku mate yakimchuruzika ndevuni. Akishi akawaka: kwani hapa wenda wazimu wamenipungukia hata mniletee na huyu?

Sasa rudi kwenye zaburi ukiwa na ndevu zile machoni. Mstari wa 3, hofu ipo, tena anaiita yake mwenyewe. Wa 4, "Nimemtumaini Mungu, sitaogopa." Ungedhani yameisha. Lakini wa 5 na wa 6 maadui bado wanamvizia, wa 8 anaomba machozi yake yatiwe chupani, na wa 11 anajiambia tena "sitaogopa". Kama hofu ingekuwa imemtoka mara ya kwanza, ya pili angeisemea nini? Mimi naisoma kama kauli ya mtu anayejishika asianguke. Kwa hiyo abiria anayeshika kiti kwa mikono miwili huku akiomba hajapungukiwa imani, na asiwepo wa kumkemea.

Wala kutumaini hakukumfanya Daudi akae tu. Sura ya 22 inaanza ameshatoroka, yuko pango la Adulamu, na baada ya hapo anawapeleka baba na mama yake Moabu, kwa mfalme wa huko, wakae salama mpaka ajue Mungu atamtendea nini.