Katuni na Oscar ya Filamu Bora

Kila msimu wa Oscar utasikia kwamba filamu ya katuni hairuhusiwi kuwania tuzo ya Filamu Bora, eti kwa kuwa ina kundi lake. Sivyo. Kundi la katuni ndefu lilianza na filamu za mwaka 2001, na Shrek ikawa ya kwanza kushinda, lakini kuanzishwa kwake hakukufunga mlango wa tuzo kubwa. Beauty and the Beast ya 1991 ilikuwa imeshateuliwa huko kabla kundi hilo halijazaliwa. Baadaye Up na Toy Story 3 ziliteuliwa kotekote, zikashinda upande wa katuni.

Kweli, hakuna katuni iliyowahi kutwaa Filamu Bora. Nadhani uvumi umeota hapo: watu wamechanganya kutoshinda na kukatazwa.

Masharti ya kundi la katuni ni mengine: filamu izidi dakika 40, na uhuishaji uchukue angalau asilimia 75 ya muda wake. Hata kundi la filamu za kimataifa liko wazi. Flow ya Latvia iliteuliwa humo mwaka 2025, ingawa tuzo iliyoondoka nayo ni ya katuni.