Blanketi Linapohesabiwa Kambi: Dhana Potofu Kuhusu Kulala Nje Marekani

"Siku hizi Marekani ukilala nje, jela." Maneno haya yamezagaa tangu tarehe 28 Juni 2024, Mahakama ya Juu ya huko ilipotoa hukumu ya kesi ya Grants Pass, mji mdogo katika jimbo la Oregon. Si kweli. Majaji 6 kati ya 9 walijibu swali moja tu: je, kumwadhibu mtu kwa kupiga kambi mahali pa umma ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na Marekebisho ya Nane ya Katiba? Wakasema hapana. Mji usiokuwa na sheria ya namna hiyo haukuipata siku ile. Oregon yenyewe ina sheria ya mwaka 2021 inayoibana miji: kanuni zao za kulala nje ziwe na busara kuhusu saa, mahali na namna.

Dhana ya pili ndiyo hunikera zaidi, maana imejificha ndani ya neno lenyewe. Ukisikia "kambi" unaona hema, moto na sufuria. Kwa kanuni za Grants Pass zilizofikishwa mahakamani, hema halikuhitajika. Ukitandika blanketi bustanini kwa nia ya kujihifadhi hapo kwa muda, tayari ulikuwa na kambi. Faini ilikuwa dola 295, na usipolipa ilipanda hadi 537.60. Ukinaswa tena na tena uliweza kupigwa marufuku kukanyaga bustani za mji kwa siku 30. Ukikaidi, lilikuwa kosa la jinai, na kifungo chake kilifika siku 30. Asiye na pa kulala azitoe wapi fedha za faini? Jaji Gorsuch, aliyeandika hukumu hiyo ya Mahakama ya Juu, alisema kanuni hizi hazibagui, zinamhusu hata mtalii aliye likizoni na mkoba wake mgongoni. Sawa, ila mtalii ana kwao.

Halafu wapo wanaodhani sheria za kero kwa umma, yaani zinazokataza mambo yanayosumbua watu wote wa eneo, humwandama maskini peke yake. Phoenix, Arizona, aliyeshtakiwa ni jiji. Karibu na katikati ya jiji palikuwa na mahema barabarani, eneo likiitwa The Zone, na wakati fulani walilala hapo zaidi ya watu 1,000. Wenye biashara na wakazi jirani hawakuwashtaki waliolala. Walilishtaki jiji kwa kuiacha kero imee. Machi 2023 jaji akakubaliana nao, na Novemba mwaka huohuo eneo likawa limeondolewa mahema, kipande baada ya kipande.

Mwaka uliofuata wapiga kura wa Arizona wakapitisha Pendekezo 312. Jiji likiwa na mazoea ya kufumbia macho kambi haramu na kero nyingine, mwenye jengo aliyetumia fedha zake kujikinga anaweza kudai arudishiwe kutoka kwenye kodi ya jengo aliyolipa. Madai hayo hayaendi polisi, yanapelekwa idara ya mapato ya jimbo, na fedha hukatwa kwenye mgao wa mapato ambao jimbo hulipa jiji lenyewe.