Nani kawaambia Julai hakuna ndege Kisumu?

Ujumbe umeingia tena, safari hii kutoka kwa dada mmoja wa Nairobi anayekuja Kisumu kikazi mwishoni mwa Julai: "Kaka, najua msimu wa ndege umeisha, wewe nionyeshe tu mahali pa kula samaki." Samaki nitamwonyesha. Hilo la msimu ndilo limenichosha. Kila mwaka mvua ndefu zikipungua nalisikia upya, kwa wageni, kwa wanafunzi, hata kwa waongozaji wenzangu wanaobeba darubini za bei kuliko pikipiki yangu: ndege wote wamekwenda Ulaya, mjini wamebaki kunguru na wale korongo wa jalalani, basi tuonane Novemba.

Tuanze na kilicho kweli ili nisiambiwe nabisha tu. Wageni wa kaskazini huja kwetu kuanzia Septemba hivi na wengi wao wanakuwa wameondoka Aprili ikiisha. Mbayuwayu wa Ulaya, keremkerem wa Ulaya, yule mdogo wa manjano anayetikisa mkia katikati ya uwanja wa mpira, wote hao Julai wako kwao wanalea. Kule siku ni ndefu, wadudu ni tele, na kifaranga analishwa kuanzia alfajiri hadi karibu saa nne usiku. Sawa. Lakini Kenya ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege, na hao wasafiri wa kaskazini ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo. Kusema Julai hakuna ndege ni kama kusema nyumba ni tupu kwa sababu wageni wameaga, na wenyewe wako jikoni wanapika.

Tena hata hao wageni hawaondoki wote. Vitwitwi wachanga ambao bado hawajafikia umri wa kuzaa, baadhi yao hawaoni sababu ya kuruka maelfu ya kilomita kwenda kusimama pembeni mwa harusi ya wengine. Wanabaki. Nenda kwenye mabwawa ya majitaka ya Nyalenda, hapahapa Kisumu, mwezi wa Juni, ziba pua, utawapata wachache wakitembea ukingoni kana kwamba kalenda haiwahusu. Na Julai ikikaribia kuisha, watu wazima wa kwanza wanakuwa tayari wanarudi, hasa wale waliokosa kiota au waliomwachia mwenzao kulea. Kwa hiyo hicho kipindi "kitupu" chenyewe, hata kwa wahamiaji, ni kifupi mno.

Nimejiuliza imani hii inatoka wapi, na nadhani nimeipata. Inatoka kwenye simu. Mtu anafungua mawaidha ya watazama ndege wa Uingereza au Marekani, anasoma kwamba Julai na Agosti bustani za mjini hunyamaza, majani ni mazito, ndege wamemaliza kulea na wanabadilisha manyoya, hivyo hujificha na hawaimbi. Kwa London hiyo ni habari sahihi kabisa. Huko kinachomwamsha ndege kuimba na kujenga ni urefu wa siku: mwanga ukiongezeka, mwili unajiandaa, mwanga ukipungua, shughuli inafungwa. Sasa mtu anabeba mawaidha hayo mazimamazima na kuyashusha Milimani, Kisumu, mji ambao karibu unakalia ikweta na ambako jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima. Ndege wa hapa angesubiri siku zirefuke angekufa bikira.

Cha kwetu ni mvua. Mvua ndefu hunyesha Machi hadi Mei, nyasi zinapanda, zinatoa mbegu, wadudu wanajaa, kisha Juni na Julai unaona matokeo. Hapa ndipo hasira yangu inapohamia kwenye furaha, niruhusuni nikae kidogo.

Chukua kweche mwekundu. Msimu wa ukame dume lake ni kahawia, lina michirizi, halina tofauti ya maana na jurawa wa paa la nyumba, na mgeni wako atalipita akitafuta kitu cha maana. Mvua zikishapita, ndege yuleyule amevaa nyekundu na nyeusi, amejitunisha manyoya juu ya bua la nyasi, anaruka kidogo, anatua, anaruka tena, anamfukuza jirani. Huhitaji kusafiri mbali. Unahitaji eneo la nyasi ndefu ambalo kaunti haijalifyeka bado, kando ya barabara ya Dunga, kule ufukoni mwa ziwa, au nyuma ya uzio wowote karibu na maji. Wale wanaokuja Januari wananiuliza kwa nini picha zao hazifanani na za kitabu. Kwa sababu mmemkuta na nguo za shambani!

Au kwera, wale wa manjano wenye kichwa cheusi. Kila mtu Kisumu anawajua kwa kelele, wachache wamewahi kusimama dakika kumi chini ya mti wao. Dume hufuma kiota kwa majani mabichi, kisha huning'inia chini yake kichwa chini, akipigapiga mabawa na kupiga makelele ya kujinadi. Jike anakuja, anaingia, anavutavuta nyuzi za ndani, anatoka. Kiota kikikosa mpangaji hadi kijani kigeuke kahawia, dume mwenyewe hukibomoa na kuanza kingine palepale. Nimeona wapita njia wakiokota majani yaliyoanguka na kulaumu upepo wa ziwa.

Na juu ya mti huohuo, ukitulia, utamsikia kekeo wa kijani anayewadesa. Huyu hajengi, hutaga kwenye kiota cha kwera na kumwachia kazi. Kwera naye si mjinga. Kila jike hutaga mayai ya rangi moja maisha yake yote, lakini jike na jike hutofautiana, huyu ya buluu tupu, yule meupe yenye madoa, mwingine ya kijani. Yai la mgeni lisilofanana na lake hulijua na kulitupa. Vita hiyo inaendelea juu ya vichwa vya watu wanaonunua mahindi ya kuchoma, Juni na Julai, katika miezi ambayo mnaniambia hakuna kitu.

Kuna jingine linaloniudhi zaidi kwa sababu ni la waongozaji, si la wageni. Wanazungumza kana kwamba uhamaji una mwelekeo mmoja tu, kaskazini kwenda kusini na kurudi. Afrika ina wahamiaji wake wa ndani. Mbayuwayu buluu huzaliana kwenye nyasi za milimani huko kusini, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini, na huko kukianza baridi anapanda kuja kwetu. Anakaa kusini mwa Uganda na magharibi mwa Kenya kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na mahali panapojulikana sana kwa kumwona nchini ni Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kaunti ya Homa Bay. Ni ndege aliye hatarini kutoweka. Mtu akifuata ushauri wa "njoo Novemba", atafika Ruma atazame twiga, na mbayuwayu buluu atakuwa ameshaondoka. Sijui mwongozaji wa kumwambia hivyo anamwonyesha nini mteja wake, labda kadi ya biashara.

Halafu Dunga, kinamasi chetu cha mafunjo kando ya ziwa. Hapo sina subira kabisa. Watu wanaovuka bahari kuja Kisumu kwa sababu ya ndege, wengi wao wanakuja kwa ajili ya ndege wa mafunjo, na wa kwanza kwenye orodha yao ni tiva wa mafunjo. Huyu anaishi ndani ya mafunjo, ya Ziwa Victoria na ya maziwa na vinamasi vingine vya ukanda huu, basi. Hahamii. Haendi Ulaya, haendi Malawi, haendi hata Kondele hapo mjini. Januari yuko Dunga, Julai yuko Dunga, na kinachoweza kumwondoa si kalenda bali panga na moto vikiyageuza mafunjo kuwa shamba. Sasa niambie msimu wake umeishaje.

Na kwa kuwa nimeshaanza: si kila tiva mwenye kifua chekundu ni wa mafunjo. Kila wiki naletewa picha kutoka bustani ya mtu, "kaka, nimempata!", na ni yule wa kawaida mwenye kichwa cheusi, ambaye amejaa mjini kwenye vichaka vya ua. Ni mzuri, simdharau. Lakini tazama kichwa: wa mafunjo ana utosi wa njano ya dhahabu na weupe kwenye bawa, wa vichakani ni mweusi juu wote, bawa halina doa. Tazama pia alipo. Ukiwa umesimama kwenye kapeti la nyasi za hoteli, chini ya mwembe, huyo si wa mafunjo, hata ukimpiga picha mia. Sauti ni mtego mwingine. Wa vichakani dume hupiga mluzi laini, jike akadakia kwa mkwaruzo kama wa kitambaa kinachopasuliwa, upesi kiasi kwamba unaapa umesikia ndege mmoja. Wengi wanaandika mmoja.

Nisije nikawadanganya kwamba Julai kila kitu ni rahisi. Majike ya kweche yananishinda hadi leo. Aina za kweche wekundu, madume yakivaa unayatenganisha. Majike ni udongo mtupu, na nikiyakuta bila dume karibu naandika "kweche" na kupita. Sistikola, wale wadogo wa kahawia wa nyasini, nao ni vilevile. Aliyemo ndani ya mafunjo nitamtaja jina, aliyemo kwenye nyasi za nje nitamtaja jina, lakini aliyekaa mpakani kimya, bila kuimba, namwacha. Ukimsikia mwongozaji anayetaja kila kitu kahawia bila kusita, shika pochi yako.

Hata neno "mkazi" kitabuni nalitilia shaka. Ramani imepakwa rangi moja, maana yake ndege yupo mwaka mzima. Sawa, mwewe yupo sokoni Kibuye mwaka mzima akiwinda vichwa vya samaki. Lakini mwewe wa Julai ndiye yuleyule wa Januari, au mmoja ametoka na mwingine ameingia? Kwa macho huwezi kujua. Yangeyange vilevile: kuna wiki wanajaa uwanjani, kuna wiki wanapungua, na kitabu kinawaita wakazi tu. Na suala la mvua nalo si saa ya ukutani. Ukanda wa ziwa hupata mvua kidogo karibu kila mwezi, kwa hiyo viota unaweza kuvikuta nje ya kilele chochote ninachokutajia. Juni na Julai ni wakati mzuri, sikusema ni sheria.

Ila kuna ubaya mmoja wa imani hii unaozidi kukosa picha nzuri. Tunaingiza tunayoyaona kwenye eBird au Kenya Bird Map, hazina za mtandaoni za rekodi za ndege; hii ya pili imeigawa nchi katika miraba ya kilomita kama 9 kwa 9. Watu wakiamini Julai ni tupu, hawatoki. Wasipotoka, Julai haina orodha. Mwakani mtu anafungua rekodi za mraba wa Kisumu, anaona Januari imejaa na Julai imepwaya, anasema, "Si mnaona? Hakuna ndege." Mduara umefungwa na ndege hawakuulizwa. Halafu kibanda au maegesho yakitaka kujengwa juu ya kipande cha mafunjo au nyasi, hakuna karatasi ya kuonyesha nani alikuwa analea pale Julai.

Ya vitendo nitayapitia haraka. Toka mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe umeshafika. Saa nne jua limewashinda ndege na wewe. Hifadhi ya Impala ni ndogo lakini ina miti mikubwa na ufuo, na wale gowee wa kijivu wenye mdomo wa njano watakucheka tangu langoni. Kiingilio uliza mlangoni, kisiwe sababu ya kunipigia simu. Mjini, kwenye miti ya Milimani, angalia juu ya paa pia. Darubini yoyote inatosha kuanzia. Askari wa lango fulani atakuuliza unampeleleza nani. Mpe darubini atazame kwera dakika mbili, hatakusumbua tena, ila kuirudisha atachelewa.

Dunga nenda na boti, ukingoni mwa mafunjo, na kijana wa pale anayewajua ndege kwa sauti. Wapo, na wengine wananizidi. Mwambie azime injini.

Dada wa Nairobi nimeshamjibu: Jumamosi, Dunga, saa kumi na mbili na nusu, boti tunagawana, samaki baadaye. Amesema atakuja kama kuna uhakika wa kuona kitu.