Familia na kujitoa mhanga katika riwaya za distopia za Marekani

Distopia ni hadithi ya nchi ya kubuni ambako watawala wanaahidi amani au usawa, huku wakiwabana raia hadi ndani ya nyumba zao. Waandishi wa Marekani wa riwaya hizi huirudia sana familia, kwa sababu nyumbani ndiko mtu anakojifunza kumthamini mmoja kuliko amri. Serikali ya namna hiyo ama itaufuta upendo huo, ama itautumia.

The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008) inaonyesha jinsi unavyotumika. Kila mwaka, kila wilaya kati ya 12 za nchi ya Panem hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wote wakauane hadi abaki mmoja. Kura huwapata wenye miaka 12 hadi 18. Maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake kwenye kura, na kila nyongeza humpa mtu mmoja nafaka na mafuta ya mwaka, tena haba. Katniss, msichana mhusika mkuu ambaye baba yake alifia mgodini, alipotimiza miaka 12 aliongeza mara tatu: yake, ya mama na ya mdogo wake Prim. Amefanya hivyo kila mwaka, juu ya jina moja la lazima la kila mwaka, na majina hayafutwi, hivyo akiwa na miaka 16 jina lake limo mara 20. Prim amekatazwa na dada yake asiongeze hata moja. Jina lake limo mara moja tu, na ndilo linalotoka.

Wengi hukumbuka Katniss akijitokeza kuchukua nafasi ya Prim. Mimi naona alikwisha kujitoa tangu mwaka ule wa kwanza, alipouza usalama wake ili nyumbani wale. Hapakuhitajika askari wa kumlazimisha.

The Giver ya Lois Lowry (1993) inaonyesha njia nyingine, ya kuufuta upendo. Mume na mke huunganishwa na kamati, na watoto wawili, wa kiume na wa kike, huletwa kwao wakiwa wamezaliwa na wanawake wengine. Jonas, mvulana mhusika mkuu, anapowauliza wazazi kama wanampenda, wanamwambia atumie lugha sahihi. Baadaye anamwona baba yake kwenye video akimdunga sindano pacha mchanga mwepesi kuliko mwenzake, akimsemesha kwa upole mpaka anakufa. Hakuna ukatili usoni pake, na hilo ndilo linalonitisha. Jonas anatoroka na Gabriel, mtoto mchanga aliyepangiwa sindano hiyohiyo. Hawana damu moja, lakini hapo ndipo familia inapozaliwa katika kitabu hicho.

Divergent ya Veronica Roth (2011) iko katikati: raia wamegawanywa kwa makundi, na kundi hutangulizwa mbele ya damu, lakini mama wa Tris, msichana mhusika mkuu, anakufa akimlinda binti yake.

Collins halipi kafara kwa ushindi. Katika Mockingjay (2010), kitabu cha mwisho cha hadithi ya Katniss, Prim anakufa kwa mabomu, na dalili zinaelekea kwa waasi wenyewe wanaopigana na watawala wa Panem. Kiongozi wao, Coin, anapopendekeza michezo mingine ya kuuana, safari hii kwa watoto wa watawala wa zamani, Katniss anaelekeza mshale wake kwake na kumuua.