Programu inavuka mpaka, risiti haivuki

Vijana wenye kampuni changa hapa Dar es Salaam hunipigia simu pale mwekezaji anapoanza kuwauliza lini watatoka nje ya nchi. Programu yao ya mauzo ya dukani imeshika, na jibu wanalo tayari: Nairobi. Mimi huwa nawauliza: mteja wa Nairobi atawalipaje, na risiti atakayompa mnunuzi wake itatoka wapi?

Kazi yangu ni kuunganisha mifumo ya malipo na ya kodi, na najua mwamba ngoma huvutia kwake. Hata hivyo, hapo ndipo ninapoona kampuni nyingi zikikwama.

Programu ukishaiweka kwenye seva, mtu wa Kisumu anaifungua dakika hiyo hiyo. Risiti ina wenyewe. Kwetu inapitia EFD, mashine ya risiti za kodi ya TRA, mamlaka yetu ya mapato. Kenya kuna eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato ya kule, na tangu Januari 2024 mfanyabiashara asiye na ankara ya eTIMS ya manunuzi yake hawezi kuyakata kama gharama kwenye hesabu zake za kodi, kwa hiyo mteja wako ataidai siku ya kwanza. Uganda kuna mfumo wao, EFRIS, na Rwanda EBM. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya kawaida kuwa 18% huku na 16% kule ni jambo dogo, unabadilisha namba moja tu. Kinachokula miezi ni kuidhinishwa na mamlaka ya kodi, muundo wa ankara usiofanana na wa jirani, na swali la mfumo ufanye nini mtandao ukikatika mteja akiwa amesimama kaunta.

Malipo nayo ni hivyo hivyo. Kenya, ukishaunganisha Till na Paybill, namba za kupokelea malipo za M-Pesa, umewafikia watu wengi mno. Hapa kwetu huwezi kumwambia muuza duka apokee mtandao mmoja. Anataka M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa, na zote zioane kwenye hesabu za jioni. Uganda ni MTN na Airtel. (Mkenya anayekuja huku huwa anashangaa kuliko sisi tunaokwenda kwao.) Kongo ndiko kwenye mtihani wenyewe: mtu ana salio la dola na salio la faranga kwenye laini moja, na analipa kwa lolote. Kama mfumo wako unadhani kila nchi ina sarafu moja, itabidi uufumue mpaka chini, ili kila muamala ubebe sarafu yake. Kinyume chake ni Tanzania: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, hivyo anayekuja na ukurasa wake wa bei za dola aanze kwa kuubadilisha.

Anayedhani haya ni matatizo ya wadogo aitazame M-Pesa yenyewe. Vodacom iliipeleka Afrika Kusini mwaka 2010 ikilenga wateja milioni 10, ikaifunga 2016 ikiwa na watumiaji hai 76,000 hivi. Jina lilikuwa lile lile lililotamba Kenya na Tanzania, lakini huko watu wengi tayari walikuwa na akaunti za benki, na mawakala hawakuenea mitaani kama kwetu.

Sasa turudi Nairobi. Wawekezaji wapo, sikatai, na washindani waliokomaa wapo pia. Lakini kama wateja wako ni wauzaji wa jumla wa soko la Kariakoo hapa Dar, fungua daftari lao la madeni uone wanunuzi wanatoka wapi. Utakuta Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe, Bujumbura. Mzigo wa Lubumbashi na Lusaka unapita mpaka wa Tunduma kila siku, oda zinakuja kwa WhatsApp kwa sauti na picha, na deni linakaa kichwani mwa mwenye duka. Hilo ndilo soko lako la nje, na limeshaanza kukutumia bila wewe kujua.

Ningeanza na kipande kisichogusa kodi ya nchi ya pili. Mnunuzi wa Lubumbashi apewe sehemu ya kuagiza, kufuatilia mzigo na kuona deni lake, basi. Ankara inatolewa Kariakoo kwa mfumo ulio nao tayari, kama mauzo ya nje, ambayo VAT yake ni sifuri mradi muuzaji ana ushahidi kwamba mzigo umevuka. Kiswahili cha Lubumbashi mtaelewana, ila nyaraka zake ni za Kifaransa, kwa hiyo weka lugha hiyo mapema. Taarifa za wateja zina sheria pia, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Mpe mwanasheria kazi hiyo.

Ofisi na usajili wa kampuni kule visubiri mpaka mnunuzi yule aombe mwenyewe kuitumia programu dukani kwake. Hapo utahitaji mtu wa kule, na wa kwanza kumwajiri awe mhasibu anayeujua mfumo wao wa kodi. Mtu wa mauzo utamwajiri baada yake, risiti ya kwanza ikishatoka sawasawa.