Ukiuliza hali ya mzazi Lamu, utaambiwa Alhamdulillah

Siku moja nilifuatana na mhamasishaji mmoja wa afya ya jamii hadi nyumba moja ya mtaa wa Langoni, kumtembelea mzazi wa siku tatu. (Mzazi huku kwetu ni mwanamke aliyetoka kujifungua, wala si baba.) Tukapiga hodi, tukavua viatu dakani, tukanyweshwa kahawa. Mwenzangu akamuuliza nyanya wa mtoto, "Bi, mtoto hali yake vipi?" Akajibiwa, "Alhamdulillah, hajambo." Simu ikatolewa, majibu yakajazwa, na kwenye programu ziara ile ikahesabiwa imekamilika. Mtoto hakufunuliwa hata uso.

Mwanamke yule si mvivu. Ana nyumba zipatazo mia za kuzungukia, na alifanya vile alivyofundishwa: uliza, jaza, nenda. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni kuwasimamia wahamasishaji, na lawama ya ziara ile niliibeba mwenyewe. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikikagua takwimu zao nikiwa mezani, nikafurahia idadi.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa pendekezo la pamoja: mtoto aliyezaliwa nyumbani atembelewe ndani ya saa 24, aliyezaliwa hospitalini aonwe mapema akisharudi, kisha siku ya 3 na ikiwezekana ya 7. Sababu yake ni kwamba takriban robo tatu ya watoto wachanga wanaofariki hufariki katika wiki ya kwanza. Nasi wiki hiyo ndiyo tunayomfungia mzazi ndani. Siipingi arobaini, zile siku arobaini za mzazi kukaa ndani, hata kidogo: mzazi anakandwa, analishwa, halei peke yake. Lakini mlango ukishafungwa, mhamasishaji ndiye jicho pekee la zahanati linaloingia humo. Jicho hilo likiishia kwenye gilasi ya kahawa, tumepoteza kazi.

Tatizo lilikuwa katika swali. Ukimuuliza mtu hali yake, adabu inamtaka amshukuru Mungu, hata akiwa na homa ya kuungua. Kwa hiyo tumeacha kuuliza hali, tunaomba kuona. "Mashaallah" hutangulia, kwa sababu bila neno hilo hakuna nyanya atakayekukabidhi mjukuu umkodolee macho. Halafu: "Naomba nimtazame akinyonya." Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri kisha akalegea au akakataa titi, huyo haandikwi kusubiri kesho, anapelekwa leo.

Pumzi nazo zina mtego wake. Wengi walikuwa wakihesabu nusu dakika kisha wanazidisha mara mbili. Kwa mtu mzima si neno, ila mtoto mchanga hupumua haraka haraka, akatulia, akaanza tena. Nusu dakika itakudanganya. Hesabu dakika nzima, nguo imefunuliwa kifuani, mtoto ametulia. Ukipata 60 au zaidi, rudia. Ikiwa bado ni hivyo, au kifua kinabonyea ndani kwa nguvu, ni hospitali. Kipimajoto kikifika 37.5 ni homa, na kikishuka chini ya 35.5 pia ni hatari. Hili la pili ndilo linalobishaniwa, maana nani ataamini kwamba mtoto anaweza kushikwa na baridi hapa Amu (mji wa Lamu)? Lakini mtoto aliyeogeshwa saa chache baada ya kuzaliwa, akawekwa kwenye chumba cha mawe chenye upepo wa kusi, hupoa upesi. Muogo na usubiri walau siku moja, ngozi yake ikae kwenye ngozi ya mama. Tazama pia nyayo na viganja kama vimekuwa manjano.

Mama mwenyewe husahauliwa. "Unatoka damu?" ni swali la aibu na halina kipimo. "Tangu alfajiri umebadilisha vitambaa vingapi?" linajibika. Akilalamika kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, itolewe mashine ya presha, kwa kuwa kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa.

Siku hizi nafuatana na kila mhamasishaji ndani ya nyumba, nakaa kimya, na kosa nalisema tukishatoka, pembeni. Ukimsahihisha mbele ya wakwe wa mtu, wiki ijayo hodi yake haitaitikiwa. Posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, nayo ina sehemu yake: ikichelewa, ziara za mbali ndizo za kwanza kuachwa. Usimamizi wangu hauzibi pengo hilo, nisijidanganye.

Linalonitatiza zaidi ni wazazi wanaohama. Mwanamke wa Kizingitini, mimba ikifika mwezi wa nane, anakuja Amu kwa shangazi yake ili awe karibu na hospitali. Ni uamuzi wa busara. Anajifungua salama, anaruhusiwa, anarudi kwa shangazi. Kwenye orodha ya Kizingitini hayupo nyumbani. Kwenye orodha ya Langoni hajulikani. Siku ya 3 inapita, ya 7 inapita. Sasa tunaagizana kwa simu: anapopanda boti, mhamasishaji wa kwao anampigia wa mtaa anakofikia na kumwambia ni nyumba ya nani.

Na kwa wanaobaki kisiwani Pate, huko Kizingitini na Faza, mpango wa safari hufanywa mapema, mume na mama mkwe wakiwepo: boti ya nani, mafuta nani atanunua, usiku atapigiwa nani. Pale Mkanda, mlango wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakitoka boti haipiti, inangoja yajae, hata iwe na mgonjwa wa namna gani. Mhamasishaji mmoja wa Faza amejichorea safu katika daftari lake, mbele ya tarehe ya kujifungua ya kila mama: bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana) au maji mafu (yanapojaa na kutoka kidogo). Programu ya simu haina nafasi ya kujaza hilo. Mimi nimeinakili safu yake kwenye daftari langu.