Kutoka ukuruta hadi urubani wa helikopta: yanayosemwa visiwani na ukweli wake

Kila tangazo la kuandikisha vijana jeshini linapotoka, maskani za Unguja na Pemba hujaa wataalamu. Mmoja ameona video ya Marekani, mwengine ana binamu aliyeko kambini, wa tatu anajua "mtu wa ndani". Inaniuma kuona kijana mwenye afya na akili nzuri ya hesabu akiipoteza njia kwa sababu ya maneno ya barazani. Basi tuyachukue maneno hayo kama yanavyosemwa.

"Nikimaliza JKU nishakuwa mwanajeshi, kilichobaki ni kuchagua ndege."

JKU, yaani Jeshi la Kujenga Uchumi, ni kikosi cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, sawa na KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), Zimamoto na Valantia. Ulinzi ni jambo la Muungano, na jeshi ni moja, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa Septemba 1, 1964. Jeshi la Anga ni kamandi ndani ya jeshi hilo. Zanzibar haina la kwake peke yake. JKU inakujenga kwa nidhamu na kazi, lakini kuandikishwa JWTZ ni hatua nyengine yenye usaili wake na vipimo vyake.

"Ukishakula kiapo, unaandika barua ya kuomba urubani."

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na kosa linatoka kwenye zile video. Jeshi la nchi kavu la Marekani lina utaratibu wa maafisa wateule, ngazi iliyo kati ya askari na afisa wa kawaida: kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuomba moja kwa moja, akapita usaili, akapelekwa skuli ya helikopta, na akifuzu anadaiwa utumishi wa miaka 10. Uingereza nako askari aliyefika cheo cha koplo anaweza kuomba kujifunza kurusha helikopta za jeshi. Hayo ni kweli, lakini ni kweli ya huko.

Kwetu rubani wa jeshi ni afisa. Anayeandikishwa kama askari anaanza ukuruta, yaani mafunzo ya awali ya askari, kwenye skuli kama ile ya Kihangaiko mkoani Pwani, kisha anapangiwa kazi pale jeshi linapomhitaji. Ili awe afisa lazima achaguliwe kuwa afisa mwanafunzi, apite Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, na atunukiwe kamisheni, yaani uafisa, kwa cheo cha Luteni Usu. Urubani una mchujo wake tena: afya, hesabu, fizikia, Kiingereza, na namna akili yako inavyofanya kazi ukiwa umebanwa. Wengi wanaovaa nyota Monduli hawatashika usukani wa ndege hata siku moja, na hilo si kufeli. Wapo watakaokuwa wahandisi, wa mawasiliano, wa vifaru. Asiyeweza kuishi na jibu hilo asiingie jeshini kwa ajili ya helikopta, kwa sababu atakuwa mwanajeshi kwanza, na huenda akabaki hivyo mpaka anastaafu.

"Pana mtu anauza nafasi za urubani, ila ufanye haraka."

Jeshi limeshaonya mara kwa mara kwamba nafasi za kuandikishwa haziuzwi na kwamba wanaoziuza ni matapeli. Hata hivyo wapo wazee wanaotoa pesa ya msimu mzima wa karafuu, au wanauza ng'ombe, kumpa mtu waliyeunganishwa naye kwa simu tu. Wazee wangu, fikirini na haya niliyoyaeleza juu: nafasi ya urubani haipo kabisa kwenye mlango wa kuandikishwa. Inakuja baadaye, ndani, baada ya kamisheni na mchujo. Kwa hiyo anayesema anaiuza mlangoni anauza kisichokuwepo. Huhitaji hata kumchunguza kama ana jamaa makao makuu.

"Helikopta nyepesi kuliko ndege, haihitaji hata uwanja."

Kuning'inia hewani pahala pamoja ndiko kunakowatoa jasho wanafunzi. Mkono wa kushoto umeshika wenzo unaoongeza au kupunguza nguvu ya kunyanyua, mkono wa kulia umeshika fimbo ya kuielekeza, na miguu iko kwenye pedali zinazotawala panga dogo la mkiani. Ukiinua wenzo kidogo tu, pua inageuka. Ukizuia kwa mguu, chombo kinaanza kuteleza ubavuni. Ukisahihisha kwa mkono wa kulia, kimo kinabadilika na unarudi tena kwenye wenzo. Viungo vinne vinafanya kazi kwa mpigo na hakuna cha kupumzika.

Wengine wanaamini kinyume chake, kwamba injini ikizima helikopta inaanguka kama jiwe. Nalo si sahihi. Rubani anashusha wenzo wa kushoto papo hapo ili mapanga yakae bapa, na upepo unaotoka chini wakati chombo kinashuka unayazungusha bila injini. Karibu na ardhi anainua pua kuua mwendo, kisha anavuta wenzo na kuitumia nguvu iliyobaki kwenye mapanga kutua. Lakini akichelewa sekunde chache mwanzoni, mapanga yanapoteza kasi na hairudi tena. Ndiyo maana zoezi hili hurudiwa mpaka mkono ushuke wenyewe.

"Mtoto wa kisiwani hana shida na bahari."

Naisikia sana hii, hasa Pemba. Kuogelea ni faida, lakini helikopta ina injini na giaboksi juu, kwa hiyo ikitua majini kwa dharura hupinduka kwa urahisi. Unajikuta kichwa chini, gizani, umefungwa mkanda, maji yanaingia puani. Majeshi yanayoruka juu ya bahari huwafunza marubani ndani ya kibanda kinachozamishwa na kupinduliwa bwawani: shika kitu usichokiachia, subiri mzunguko uishe, ndipo ufungue mkanda na kujivuta kuelekea dirishani. Anayefungua mkanda mapema hupotea ndani ya chombo, hata awe muogeleaji hodari vipi.

Na usiku usio na mwezi juu ya Mkondo wa Pemba, taa za wavuvi wa dagaa hufanana na nyota. Sikio la ndani, ambalo ndilo linaloupa mwili mizani yake, linakwambia umekaa sawa wakati chombo kimelala ubavu. Rubani anaamini saa za vipimo zilizo mbele yake, haamini mwili wake, na hilo linahitaji mazoezi kuliko kuijua bahari.

"Ukivaa miwani basi." "Mwanamke haruhusiwi."

Urubani wa kiraia duniani unaruhusu miwani mradi ukiivaa kila jicho lifikie 6/9 (kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 9) na yote mawili pamoja 6/6. Jeshi huweka vipimo vyake, aghlabu vikali zaidi, kwa hiyo pimwa kabla ya kujikatia tamaa. Ama wanawake, Monduli hutoa maafisa wa kike, na Marekani ilipata rubani wa kwanza wa kike wa helikopta za jeshi lake la nchi kavu mwaka 1974.

"Nina kitambulisho cha Mzanzibari, kinatosha."

Matangazo ya JWTZ hutaka kitambulisho cha Taifa cha NIDA au namba yake, pamoja na vyeti halisi vya kuzaliwa na vya skuli. Kwetu mtu anaweza kuwa Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa na Hamisi kwenye cheti cha kidato cha nne, au Salum huku na Salim kule. Ukiwa kidato cha tatu hivi sasa, vitandaze vyeti vyako mezani leo, usome jina herufi kwa herufi, na uende kurekebisha kabla hujasajiliwa kwa mtihani wa taifa. Umri wa kuandikishwa una kikomo, na marekebisho ya jina yanakula miezi.